Ala Niliyoishona Mwenyewe

Jumapili, 2 Machi

Leo Kiberiti kaja kunionyesha kisu cha kukunja, eti kinafaa kwa kulala mlimani. Nimemwambia akakichongee penseli. Kisu chenye bawaba katikati kimeshavunjika tayari, wamekivunja kiwandani wakakuuzia pamoja na msumari wake.

Huyu ni mjukuu wangu wa kike, nimemlea tangu aachishwe ziwa. Namwita Kiberiti kwa kuwa ni mwembamba na kichwa chake huwaka upesi. Yeye na mchumba wake wanataka kupanda mlima mvua zikianza kupungua, walale huko juu kwenye hema. Wanahitaji kisu cha kukata kamba, kuchonga vigingi na kupasua vijiti vya moto. Kisiwe cha bei kubwa, maana harusi inawasubiri.

"Kitanda mnacho," nikamwambia. "Mnakwenda kutafuta nini juu ya mawe?"

"Hewa, Bibi."

"Ya hapa imekwisha?"

Akacheka. Lakini kisu nitamchagulia mimi. Nimesimama nyuma ya meza ya bucha tangu nikiwa msichana mpaka magoti yakakataa, na nimeshika kisu kuliko nilivyoshika kijiko. Shuleni nilijifunza kuandika na kujumlisha. Mengine nimefundishwa na mifupa.

Mvua bado. Mawingu yamekaa juu ya mlima kama watu wanaosubiri kuitwa ndani.

Jumanne, 4 Machi

Mchumba amekuja. Huchora ramani kwenye kompyuta, na kila akitaka kusema jambo anavua miwani kwanza aifute kwa shati. Nimeshampa jina lake, Miwani. Wajukuu wa kike wa watu wengine huleta wanaume, huyu wangu kaleta vioo viwili.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba."

Kumbe kisu keshanunua. Kifupi, mpini wa plastiki wa rangi ya machungwa, ala ya plastiki pia, kikiingia kinalia *ta*. Anasema amesoma sana kwenye simu, kwamba chuma chake hakishiki kutu na bei yake ni ya mtu wa kawaida.

"Na rangi hii ya peremende?"

"Kikianguka kwenye majani, kinaonekana."

"Mtu anayeangusha kisu hapewi kisu."

Akaninyooshea nikione. Nikaacha mkono wake uning'inie hapo hewani. Kwenye bucha yetu kisu hakipokezwi mkono kwa mkono. Kinawekwa mezani, anayekitaka anakichukua mwenyewe, na akishakichukua, kitakachofanywa na kisu hicho ni chake, asimtafute mwingine. Kiberiti anajua. Akamnong'oneza Miwani, naye akakiweka mezani. Sikukichukua.

Jumamosi, 8 Machi

Tumekwenda sokoni, mimi na Kiberiti, kwa mhunzi anayefua visu kwa vyuma vya magari makukuu. Nimepitia meza nzima. Kimoja kirefu kama mkono, nikamwambia hiki ni cha kutishia watu, cha kazi kisizidi kiganja na vidole. Kingine kina meno mgongoni. Nikamuuliza mhunzi, hiki nacho kinakula? Cha tatu kizuri machoni, nikakigonga mpini juu ya meza kikatoa sauti ya tupu. Mkia wa chuma umeishia nusu ya mpini. Hicho ukikitumia kupasua kuni, kitakuacha na mti mkononi na bapa litakwenda kutafuta paja.

Nikakiona chenyewe chini ya vingine. Bapa nene mgongoni, chuma kimepita mpaka mwisho wa mpini, kimebanwa kwa misumari ya shaba. Kimekaa mkononi kama mkono wa mtu unayemjua. Na kilikuwa rahisi, kwa kuwa hakikuwa na ala.

"Kinashika kutu hicho, mama," mhunzi akasema. "Usikiache na unyevu."

"Baba, mimi visu nimeanza kuvifuta wewe hujaota meno."

Akapokea pesa. Watu wa soko wamezoea kusema mradi wameuza.

Jumapili, 9 Machi

Nimeshona ala.

Ngozi ninayo. Zamani bucha ilitia ngozi chumvi zisioze mpaka mnunuzi aje, na moja niliibakiza, nikaitia chumvi mara mbili kwa mkono wangu, imekaa darini juu ya kenchi miaka na miaka, panya hakuigusa. Ngozi yenye chumvi ya kutosha haifi. Nimeilowesha, nikaifunga juu ya bapa lililozungushiwa nailoni, nikaikausha karibu na jiko mpaka ikalishika kama mtoto anavyoshika ziwa. Nimetumia shazia, ile sindano nene, na uzi wa katani wenye nta, mishono miwili miwili. Uzi huo haukatiki hata wakiuvuta ng'ombe wawili.

Kipande kilichobaki nimekishonea ala ya pili kwa kisu changu cha zamani cha bucha, kile cha kuchambulia. Nimekitundika juu ya rafu ya masufuria.

Kiberiti akaanza kukichomoa kisu chake na kukirudisha, kukichomoa na kukirudisha, kama mtoto na mlango. Nikampiga kofi mkononi. "Kisu hakichomolewi bila kazi. Kila ukikitoa bure, unakifundisha kutoka." Hiyo ni sheria ya bucha na hakuna aliyewahi kunibishia, hata babu yake.

Jumapili, 16 Machi

Jana walikwenda kulala vilima vya karibu, kujaribu hema. Mwanangu wa mwisho, Kitinda, ambaye sasa ndiye mwenye bucha, aliwapeleka kwa gari la nyama. Wamerudi na matope mpaka masikioni.

"Kilifanyaje kisu?"

"Kimetoka kama ulimi, Bibi. Tumechonga vigingi vyote."

"Na kile cha peremende?"

Wakatazamana. "Hatukukigusa," Miwani akasema, na safari hii hakufuta miwani.

Nimelala vizuri. Kisu nimekifuta mwenyewe, nikakirudisha kwenye ala, nikakitundika chumbani kwangu mpaka safari yenyewe. Nimewakataza wasikiguse.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua imeanza.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua. Kwenye rafu ya masufuria nimekuta tone la maji la rangi ya chai. Nimemwambia Kitinda bati linavuja.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua. Mlima hauonekani tena, kama vile umehama.

Alhamisi, 27 Machi

Tone lilelile, mahali palepale. Nimelifuta, limeacha doa. Kitinda anasema atapanda kesho. Kesho za Kitinda ningezifuga zingekuwa zizi.

Jumatano, 2 Aprili

Redio imesema kilima kimeteremka upande wa pili wa mlima, kimefunika barabara. Hakuna aliyekufa. Bado.

Nimemwambia Kiberiti waahirishe. Nimemwambia kwa upole, jambo ambalo halinikai mdomoni.

"Njia yetu si upande huo, Bibi. Na likizo yake ni wiki ijayo tu."

"Maji hayasomi ramani."

"Miwani ameitazama hali ya hewa. Inasemekana itapungua."

"Inasemekana na nani? Huyo anayesema ameshika kiuno cha mvua?"

Akanikumbatia. Ananukia sabuni na mvua. "Nina kisu chako. Unaogopa nini?"

Nikaona fahari. Naandika ilivyokuwa. Niliona fahari, nikanyamaza.

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua. Tone. Nimeweka bakuli.

Jumatano, 9 Aprili

Wamefungia mizigo hapa kwangu. Hema, kamba, mablanketi, tochi, begi kubwa ambalo Kiberiti akilivaa anaonekana miguu tu. Kisu nimekitoa chumbani, nikakiweka mezani, Kiberiti akakichukua na kukifunga kiunoni. Ala imekuwa nzito kidogo na ina baridi, kama kitu kilichotoka kisimani. Nikasema ni hali ya hewa, mwezi huu hata unga una baridi.

"Nikijaribu?" Kiberiti akasema, mkono uko kwenye mpini.

"Una kazi nacho?"

"Hapana, Bibi."

"Basi kiache."

Akakiacha.

Walipokwenda dukani kununua mishumaa niliona mfuko wa nje wa begi haujafungwa. Ndani yake kile cha rangi ya machungwa. Kama mwanamume anayeoa huku amebeba mke wa akiba. Nimeshona mishono miwili miwili, macho haya yakitoka machozi kwa moshi wa jiko, halafu wananibebea plastiki nyuma ya mgongo. Nikakitoa. Nimekitia kwenye droo, chini ya vitambaa vya vyombo, nikafunga mfuko wa begi. Hakuna aliyeona.

Alhamisi, 10 Aprili

Wameondoka na mvua ya rasharasha. Kiberiti alipunga mkono mpaka kwenye kona.

Ijumaa, 11 Aprili

Imenyesha tangu alfajiri bila kupumua. Kitinda hatimaye kapanda na ngazi. Nilikuwa chini nikimshikia na kumwambia pa kukanyaga.

"Mama, bati zima. Mbao kavu kama biskuti."

"Tazama vizuri, hapo juu ya rafu."

"Nimepapasa kwa mkono. Haya maji hayatoki juu."

"Yanatoka wapi, basi?"

"Mimi nauza nyama," akasema, akashuka.

Nimekaa nikiitazama rafu. Tone likajikusanya taratibu, likanenepa, likaanguka kwenye bakuli. Juu yake hakuna kitu ila kisu changu cha zamani ndani ya ala yake.

Nimejiambia nitakitazama kesho.

Jumamosi, 12 Aprili

Nitaandika yote, nisije nikajipunguzia.

Asubuhi nimeishika ile ala ya rafuni. Imelowa. Hakuna maji yaliyoigusa, paa ni zima, jiko liko chini yake, nayo imelowa kama ulimi wa ng'ombe. Nimeshika mpini nikavuta. Hakikutoka. Nimevuta tena, nimekaza goti kwenye meza. Hakikutoka. Nikamwita Kitinda. Kitinda hubeba paja la ng'ombe kwa bega moja. Alishika mpini, mimi nikashika ala, tukavutana kama watoto wanaogombea kamba, naye akashindwa.

"Umekitia gundi, Mama?"

"Lete koleo."

Hata kwa koleo. Mwisho tulipasua mishono kwa kisu kingine, na uzi wangu huo wa ng'ombe wawili ulitusumbua mpaka jasho likatutoka. Ngozi ilipofunguka, bapa halikuwa bapa tena. Limevimba kutu nyekundu, kutu imeingia kwenye ngozi na ngozi imeingia kwenye kutu, huwezi kusema kimoja kinaishia wapi. Nikagusa yale maji, nikaweka kidole mdomoni.

Chumvi.

Kila mtu wa bucha anajua chumvi ikikaa wazi msimu wa mvua hulia yenyewe. Ndoo nzima hugeuka maji hakuna aliyeimwagia. Ngozi yangu ilikuwa imeshiba chumvi. Imekaa hapo ikinywa mvua hewani, wiki baada ya wiki, na kukinywesha kisu. Na ile nyingine ni ngozi hiyohiyo, chumvi hiyohiyo, mkono huuhuu. Iko kiunoni kwa Kiberiti.

Nimepiga simu. Haipatikani. Nimepiga ya Miwani. Haipatikani.

"Si kitu, Mama," Kitinda akasema. "Wana kile kingine cha Miwani. Niliwaona nacho."

Nikafungua droo, nikaondoa vitambaa. Kitinda akakitazama, akanitazama. Akachukua funguo za gari.

Tumekwenda mpaka kwenye geti la msitu, wiper moja tu inafanya kazi na gari zima linanuka damu kavu. Mlinzi wa geti kavaa koti la mpira, anakunywa chai kwenye kikombe cha mfuniko. Nimemuuliza habari za msichana mwembamba na kijana mwenye miwani.

"Hao waliingia juzi. Hawajatoka."

"Nifungulie."

"Uende wapi, bibi yangu? Daraja la magogo limekwenda na maji tangu asubuhi. Vijana wa uokoaji wamezunguka kwa juu na kamba. Kaa kwenye gari."

"Kuna kitu lazima kiwafikie." Nikamwonyesha.

Akakitazama kile kisu kidogo chenye rangi ya peremende, akanitazama mimi na kanga yangu iliyolowa. "Wao wana visu, bibi," akasema kwa huruma, kama unavyozungumza na mtu mwenye homa.

Nimekaa kwenye gari nimekipakata. Mto hauonekani pale, lakini unausikia, kama mawe yanayosagwa ndani ya gunia. Kitinda alitaka kunirudisha nyumbani. Nimemwambia anirudishe kama anaweza kunibeba.

Jumapili, 13 Aprili

Wameteremshwa kulipokucha. Kiberiti anatembea. Miwani kwenye machela, bila miwani, sikumtambua mpaka alipogeuza uso. Yuko hai.

Vidole vya Kiberiti havina kucha kwenye mikono yote miwili. Ala bado iko kiunoni, na kisu kimo.

Jumanne, 15 Aprili

Kiberiti amenieleza hospitali, kwenye benchi la korido, macho yake ukutani.

Maji yalikuja kambini mara moja, yakaisukuma hema. Kamba iliyofungwa kwenye jiwe ikamnasa Miwani juu ya kifundo, maji yakiivuta hema huku na jiwe likiivuta kamba huku, na yeye katikati. Akamwambia, kata. Kiberiti akavuta kisu.

"Kilikuja na ala yake, Bibi. Nikavuta mpaka mkanda ukakatika. Nilivuta kwa meno."

Akaigonga ala kwenye mawe. Mishono haikuachia. Mwisho alichukua mawe mawili akaiponda kamba katikati mpaka ikaisha, na kila pigo kamba ilikuwa inazama zaidi mguuni.

"Nilishona vizuri mno," nikasema.

"Lakini kosa ni langu," akasema. "Kile cha rangi ya machungwa. Nilipapasa mfuko wa nje, hakikuwepo. Naona kama nilikitia, lakini sikukitia."

Muuguzi akatuita. Nikainuka kwanza mimi, sijamwambia habari ya droo.

Ijumaa, 18 Aprili

Wameukata mguu juu ya kifundo. Mvua.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua nyepesi. Kitinda analeta chakula, anaweka, anaondoka.

Jumamosi, 26 Aprili

Kiberiti hali chakula. Mama mkwe mtarajiwa amemuuliza mbele ya watu, kisu cha mwanangu ulikisahau wapi? Akainamisha kichwa akasema nilisahau. Anasema hata harusi sasa haoni uso wa kuikabili. Nilikuwa nimesimama pembeni na chupa ya chai mkononi, nikasikia kila neno.

Jumapili, 4 Mei

Mvua imekatika. Mlima umetoka wote, umeoshwa, hauna habari na mtu.

Leo wamekuja wote wawili, mara ya kwanza tangu atoke hospitali. Miwani ameingia na magongo, miwani mipya usoni. Niliinuka kumpa kiti changu, ambacho sijampa mtu tangu babu yao.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mume wetu." Sijawahi kumwita hivyo. Wajukuu wa kike huolewa pamoja na bibi zao, ndio utani wetu, lakini yeye nilikuwa nimemnyima.

Akatabasamu. "Nimebaki na mguu mmoja. Mtagawana vipi?"

"Mimi ni mzee, sihitaji cha kutembelea."

Tukacheka kidogo, kicheko cha watu wanaopita karibu na mbwa aliyelala. Kiberiti hakucheka. Miwani akamwekea mkono begani, akaniambia mimi, lakini maneno yalikuwa ya Kiberiti, "Mwambie aache kujilaumu, Bibi. Mtu yeyote husahau."

Nikaona namna atakavyomsamehe. Atamsamehe kila siku, kwa upole, maisha yao yote, na kila akimsamehe Kiberiti atapungua kidogo. Msichana niliyemlea akiwaka.

Nikaenda kwenye droo. Nikakiweka mezani, katikati yetu, mpini wa rangi ya machungwa upande wao.

"Nilikitoa kwenye begi mlipokwenda dukani," nikasema. "Kilinichukiza. Hakusahau."

Miwani alivua miwani. Hakuifuta, aliishika tu. Kiberiti alikitazama kisu, halafu mikono yangu, na aliitazama muda mrefu kana kwamba anaisoma mara ya kwanza. Nilingoja. Nilidhani atapiga kelele, nikaitamani hiyo kelele.

Hakuna aliyekigusa. Kwenye meza hii anayekichukua ndiye mwenye kilichotokea, na wao wanajua. Nikanyoosha mkono wangu nikakichukua.

Kiberiti akamsaidia Miwani kuinuka. Nimewasikia wakienda mpaka kwenye kona, gongo na kiatu, gongo na kiatu, na sikuweza kujua kama kuna mkono uliopungwa.

Chai yao imepoa. Nimekaa peke yangu na kisu hiki, hakuna nyama, hakuna kamba, hakuna cha kukatwa. Nimekishika mpini nikavuta, kwa kidole na gumba tu.

Kimetoka.